Siku ya Kupumzika Mombasa kwa Wasafiri wa Baiskeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa waendesha baiskeli waliopita kwangu wakiwa katikati ya safari: wanaotoka Nairobi kwenda Dar es Salaam, wanaotoka Arusha kwa njia ya Taveta na Voi, na wachache wa mbali zaidi. Huuliza yale yale, kwa hiyo nimeamua kuyajibu mara moja. Mimi ni mwenyeji wa kisiwani na njia ya Nairobi nimeipiga kwa baiskeli mara mbili, ila si daktari wala fundi. Pasome unapopahitaji tu.

## Mambo ya mwanzo

Kwa nini nipumzike Mombasa na si Voi?

Kama umefika Voi huna hali, pumzika Voi. Hewa ni kavu, mji mdogo, na usiku unalala. Usijikokote kilomita 150 na ushei kwa sababu ya jina la Mombasa.

Lakini kwa wengi Mombasa ndipo safari inapogeuka. Ukitoka Nairobi umeshuka zaidi ya mita 1,600 katika kilomita 480 hivi. Kuanzia hapa hakuna tena kushuka. Unafuata pwani, kaskazini kuelekea Malindi au kusini kuelekea Lunga Lunga, na upepo, jasho, chumvi na saa za kuendesha vyote vinabadilika. Ni vizuri kuusimamisha mwili kidogo ujue umehamia wapi. Tena vipuri vya baiskeli ya gia nyingi ni rahisi kuvipata hapa kuliko popote utakapopita kwa siku kadhaa zijazo.

Siku moja yatosha?

Kwa miguu, mara nyingi yatosha. Akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli hujaa tena kwa muda wa siku moja hivi ukila vizuri na kutulia. Kwa joto, haitoshi: mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea, na hilo litaendelea ukiwa barabarani.

Kosa ninaloliona ni la hesabu. Mtu anafika Jumamosi saa 11 jioni, anaondoka Jumapili saa 9 alasiri, anasema amepumzika siku moja. Siku moja ya kupumzika ni usiku mbili. Ukifika Jumamosi, unaondoka Jumatatu alfajiri.

Ramani inaonyesha maji pande zote. Mombasa ina mto?

Haina. Mombasa ni kisiwa, na maji unayoyaona ni hori, yaani mikono ya bahari iliyoingia bara. Upande wa kaskazini ni hori ya Tudor, upande wa kusini ni Kilindini inayoendelea hadi Port Reitz. Mito ipo huko ndani: Kombeni unamwagika Tudor, Mwache unamwagika Port Reitz, lakini maji yakifika karibu na mji yameshakuwa ya bahari, yanajaa na kupwa.

Nauliziwa sana hili na watu wanaotaka kuosha baiskeli "mtoni". Usithubutu, angalia swali la kutu. Kinachonichekesha ni kwamba mto kweli unafika Mombasa, ila kwa bomba. Sehemu ya maji ya mji hutoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, si mbali na Mtito Andei ulikopita juzi ukitoka Nairobi. Ukifungua mfereji na maji yakatoka, huenda yamesafiri njia ile ile uliyosafiri wewe, ila yametangulia.

Niingie mjini saa ngapi?

Asubuhi mapema, na kama unaweza, Jumapili. Kutoka Mariakani hadi Changamwe ni malori ya makontena ya bandarini, mchana na usiku, na baadhi ya madereva wametoka mbali kuliko wewe na wamechoka kuliko wewe. Ushauri wangu ni kulala Mariakani, kilomita 35 hivi kutoka mjini, na kuanza kukipambazuka. Unavuka Makupa kuingia kisiwani kabla jua halijawa kali, na siku ya kupumzika inaanza saa 3 asubuhi badala ya magharibi.

Kama safari yako ni ya Kilifi na huna haja ya kisiwa, pale Mariakani kuna barabara ya lami inayokwenda Kaloleni hadi Mavueni, nje kidogo ya Kilifi. Ina vilima, lakini malori ni machache.

## Kulala, baiskeli na maji

Nilale upande gani wa mji?

Lala kisiwani. Nyali na Bamburi kuna bahari ya kuogelea na vyumba vizuri, ila kila utakachohitaji kitakuvusha daraja mara mbili, na siku yako itaishia kwenye tuktuk. Mji wa Kale na kandokando yake una gesti za kila bei, na fundi, soko la Marikiti, chakula na bahari viko karibu kiasi cha kwenda kwa miguu.

Kabla hujalipa, ingia chumbani na utazame vitu viwili: feni inazunguka kwa nguvu, na dirisha linafunguka. Kitanda kizuri bila upepo hapa ni tanuri lenye shuka.

Baiskeli ilale wapi?

Chumbani mwako. Wakikataa, basi ndani ya nyumba, imefungwa kwenye nguzo au ngazi, na mlango wa nje uwe unafungwa. Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi nyembamba na kali, kwa hiyo omba chumba cha chini mapema. Mpaka sasa sijaona mwenye gesti aliyekataa baiskeli safi. Wanazozikataa ni zile zenye udongo wa nyika ya Taru hadi kwenye kiti. Ifute kabla hujabisha hodi.

Maji ya mfereji yanyweka?

Nunua ya chupa, au chemsha. Maji mjini ni ya kukatika. Nyumba nyingi hutegemea matangi na visima, na maji ya kisima kisiwani mara nyingi yana chumvi. Kwa kuoga hayana neno. Kwa kufua, sabuni haitoi povu, usidhani umeuziwa feki.

## Mwili

Nikae kitandani siku nzima au nijinyooshe?

Katikati ya hayo. Ukilala kutwa, kesho miguu itakuwa mizito kama magunia. Ukizunguka mji kutwa, umefanya kazi bila kilomita. Mimi hugawa siku kama mji wenyewe unavyoigawa: shughuli zote kabla ya saa 5 asubuhi, kisha kivulini hadi alasiri, kisha matembezi mafupi jioni.

Adhuhuri maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa. Wageni hulalamika. Watu wameenda kuswali, kula na kupiga kailula, usingizi ule mfupi wa mchana, na ni werevu wa karne nyingi huo. Funga dirisha la upande wa jua, washa feni, lala dakika 30 hadi saa moja. Ukizidisha, usiku utayahesabu mapaa.

Mbona siku ya kupumzika ndiyo nimechoka zaidi?

Hili ndilo swali namba moja, na wengi huliuliza kwa woga kana kwamba wamevunjika. Sababu ni kadhaa, na nyingi ni za kawaida. Ulipokuwa unaendesha, mwendo wenyewe ulikuwa unakupepea. Umesimama sasa, hewa ina unyevu, jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi. Unaendelea kutoka jasho ukiwa umekaa, na kwa kuwa hufanyi kazi hukumbuki kunywa.

Tazama mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani ya chai ya mkandaa, uko nyuma sana. Maji peke yake kwa wingi nayo si dawa, kwa sababu chumvi imetoka pamoja na jasho. Kula chakula chenye chumvi, au changanya mwenyewe: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Madafu ni mazuri na nitayasifu mpaka kufa, ila yana chumvi kidogo kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo yafuatishe na kitu cha chumvi.

Na usimeze dawa za maumivu aina ya ibuprofen huku umekaukiwa maji. Figo hazipendi.

Ukiona mtu ameanza kuchanganya maneno, ngozi inawaka na hajui yuko wapi, hapo si uchovu tena. Mmwagieni maji, mpepeeni, mkimbizeni hospitali. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko hapa hapa kisiwani.

Nile nini?

Nimefika kwenye swali langu. Mwili wako unadai wanga, na Mombasa ni mji uliokaa juu ya wanga.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Mahamri ya kweli unga wake umekandwa kwa tui na iliki ukaachwa uumuke usiku. Yanapotumbukizwa kwenye mafuta hujivimbisha kama mto, na ukilipasua pembeni mvuke wa iliki unakupanda puani kabla hujatia kitu mdomoni. Karibu na kwetu kuna bibi anayeuza barazani. Juzi alimtazama kijana mmoja wa Moshi, mwembamba, miguu imeungua jua hadi kwenye alama ya kaptura.

"Mwanangu, yatakutosha manne?"

"Yatanitosha, bibi."

"Hayatakutosha." Akamtilia sita, na mbaazi zenye rojo la nazi hadi ukingoni mwa bakuli. Kijana alirudi kuongeza mawili.

Mchana, wali wa nazi na samaki, au pilau, au biriani kama ni Ijumaa na una pa kulala baada yake. Kula taratibu, mafuta mengi na joto la saa 8 havipatani na tumbo lililozoea ndizi na biskuti kwa siku nne. Jioni ndiyo zamu ya viazi karai, bajia, kachiri, mishikaki, mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu. Kaimati kama ulimi unataka sukari. Kahawa tungu kwenye kikombe kidogo, lakini kabla ya saa 1 usiku, kwa sababu unaamka alfajiri.

Kuhusu madafu, jifunze kuagiza. Ukimwambia muuzaji "dafu" tu, atakuangalia na kukuchagulia anavyotaka. Mwambie unataka la maji, au la urambe, lenye nyama laini ya kukomba kwa kipande cha kifuu. Baada ya safari mimi huchukua yote mawili.

Kitu kimoja cha kuhofia: juisi za barabarani zenye barafu. Ukwaju na miwa ni tamu, ila barafu hujui maji yake yalitoka wapi. Usiku wa kabla ya kuondoka si usiku wa kubahatisha tumbo.

Makalio yamechubuka. Nifanye nini?

Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kabisa, vaa kitu kilicholegea kutwa. Hapa kikoi au leso ni dawa kuliko marashi yoyote. Kaptura za baiskeli zifuliwe na zikauke juani. Kwa unyevu wa hapa, ukizianika kivulini usiku zitakuwa mbichi alfajiri, na kuvaa kaptura mbichi ndiko kulikokuchubua. Pakiota jipu gumu, lenye joto na linalokua, siku moja haitoshi, na duka la dawa halitoshi.

Mbu?

Wapo, wa zamu mbili. Wa usiku ni wa malaria, kwa hiyo chandarua, hata kama feni inavuma. Wa mchana ni wa dengi na chikungunya, na Mombasa imeshapata milipuko ya yote mawili. Chikungunya ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 iliacha watu wengi wakitembea kwa kujikunja. Wakati wa kailula jipake dawa miguuni.

## Baiskeli

Nitapata fundi na tairi?

Fundi utapata, uliza Majengo au upande wa Makupa. Kwa pancha, breki, spoku zilizokatika, kunyoosha rimu na grisi ya beringi, mafundi wetu wanajua kazi. Kwa breki za mafuta na gia za kisasa, uliza kwanza kama ameshazishika, na usimwache peke yake nazo.

Tairi ndilo tatizo, na tatizo lenyewe ni jina. Mwaka jana nilimpeleka msafiri wa Arusha ambaye tairi lake la nyuma lilichanika nyika ya Taru, akalishona kwa uzi wa kuvulia na kipande cha mfuko wa unga, akafika nalo. Fundi akamuuliza, "Ami, wako ni namba ngapi?"

"Ishirini na nane."

Fundi akatoa tairi jipya la ishirini na nane, jeusi, zuri, bei ya kirafiki. Wakalivalisha. Liliingia bila hata kutumia chuma, na hapo mimi nikaanza kuwa na wasiwasi. Walipotia upepo likapanda upande mmoja likavuka rimu, kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto.

Ni hivi. Ishirini na nane ya baiskeli zetu za mizigo ni ya milimita 635 kwenye ukingo wa rimu. Ishirini na nane ya baiskeli za safari, ile inayoandikwa 700C, ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na haina ujanja. Soma namba ndogo zilizochorwa ubavuni mwa tairi lako, mfano 37-622. Namba ya pili ndiyo inayotakiwa ilingane. Mpira wa ndani hauna shida hiyo, kwa kuwa unatanuka, ila utazame vali: ya hapa nyingi ni nene, na kama tundu la rimu yako ni la vali nyembamba haitapita.

Mwenye magurudumu ya ishirini na sita ya baiskeli za milimani ana bahati, matairi yake yako mengi zaidi. Mwenye 700C aje na tairi moja la akiba lililokunjwa. Rafiki wa Arusha alisubiri siku mbili tairi liletwe na basi kutoka Nairobi, na siku ya kupumzika ikawa tatu.

Cheni imeanza kutu na nimefika jana tu. Nioshe na nini?

Ni chumvi ya hewani, na kama ulivuka feri, ni ya maji pia. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta taa kidogo, sugua meno kwa mswaki mzee, kausha, tia mafuta tone moja kila kiungo, futa yaliyozidi. Baiskeli nzima ipitishie kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kama gesti yenu ni ya maji ya kisima, yaonje kwanza kwa ncha ya ulimi.

Fanya hivi asubuhi, kabla ya matembezi. Nimeona watu wengi wakiacha cheni kwa "baadaye jioni", na jioni Mombasa haina mtu anayesugua cheni.

## Mji

Nina saa tatu tu za kutembea. Niende wapi?

Ngome ya Yesu, saa 2 asubuhi wanapofungua. Wareno waliijenga kuanzia 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa mtu aliyetoka kuhesabu siku barabarani, kisa kinachogusa ni cha kuzingirwa kwa ngome, 1696 hadi 1698: Waomani waliizunguka ngome karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka. Merikebu ya Wareno iliyokuja kusaidia, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoopolewa kutoka humo vimewekwa ndani. Kaa kwenye ukuta wa upande wa bahari, kuna upepo. Baiskeli iache gesti.

Ukitoka, shika Ndia Kuu. Jina ni Kimvita. Sisi tunasema ndia pale wengine wanaposema njia. Tembea hadi Msikiti wa Mandhry, tazama milango na barazani watu walivyokaa, ukikaribishwa kaa. Kisha Marikiti kwa viungo, na Biashara Street kwa leso. Leso moja itakuwa taulo, shuka, pazia, kivuli na kitambaa cha kubebea embe. Sijui chombo kingine cha safari chenye uzito ule kinachofanya kazi hizo zote.

Pembe kubwa za Moi Avenue ni za bati la alumini na utazipita tu ukienda mahali. Usizifungie safari.

Jioni, bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Mibuyu, mihogo, madafu, na meli zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina. Kaa hapo mpaka jua litue. Hayo ndiyo matembezi yote. Ukizidisha, soma tena swali la uchovu.

Naweza kutembea na kaptura ya baiskeli?

Barabarani ukiwa juu ya baiskeli, hakuna atakayekuuliza. Mji wa Kale kwa miguu, funga kikoi au leso juu yake, mwanamume kwa mwanamke. Mabega nayo. Na salamu zitangulie swali: "Salaam aleikum", "sabalkheri", ndipo uulize njia. Anayeanza na "feri iko wapi?" hujibiwa kwa kidole.

Nikifika Ramadhani?

Mchana vibanda vingi vya chakula Mji wa Kale hufungwa. Kwingine mjini kuna mikahawa inayofanya kazi. Usile wala kunywa hadharani mitaani, ingia ndani. Magharibi mji mzima unafungua, na huenda ukaitwa kwenye sinia la mtu usiyemjua. Nenda. Kwa mla wanga aliyetoka safari ndefu, sioni mwezi mzuri kuliko huo.

Nataka kuogelea.

Kisiwani pwani ni mawe zaidi. Vuka uende ufuo wa umma wa Bamburi, wakati maji yamejaa. Yakipwa utatembea mwendo mrefu juu ya miamba yenye shore, na mwiba wa shore kwenye unyayo unaharibu safari kuliko pancha kumi. Vaa kandambili zinazoshika mguu.

## Kuondoka

Ninaelekea kusini. Feri ya Likoni na baiskeli inakuwaje?

Wanaokwenda kwa miguu hawalipi, na mimi na baiskeli yangu sijawahi kulipishwa. Unashuka, unaisukuma kupitia njia ya watu. Mageti yakifunguliwa umati unatoka kwa kasi. Usishindane nao, waache watangulie, shika ukingo. Mteremko wa kuingilia huwa umelowa na una utelezi, na maji yakipwa unakuwa mkali zaidi, hasa siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Shika breki zote mbili, mizigo mizito iwe upande wako. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Usipige picha, hairuhusiwi.

Nenda saa 12 asubuhi au kabla. Saa hiyo umati mkubwa unatoka Likoni kuja kisiwani kazini, wewe unakwenda kinyume chao.

Siwezi kuizunguka feri?

Waweza, kwa barabara ya Dongo Kundu inayotoka upande wa Miritini na kupita juu ya maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza hadi kusini. Inamfaa anayetoka Mariakani akiwa haingii kisiwani. Kutoka kisiwani ni kurudi nyuma kwenye malori. Haina kivuli, beba maji.

Na kaskazini?

Daraja la Nyali, mapema, kabla matatu hazijaanza kugombea abiria Kongowea. Ukipita Mtwapa barabara inapumua. Kilifi ni kilomita 60 hivi, Malindi 120.

Upepo utakuwa upande gani?

Uliza mwezi kwanza. Kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba, hutoka kusini: atakusukuma Malindi na atakupinga njia yote ya Lunga Lunga. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kinyume chake. Katikati ni tangambili, upepo haujui unakotaka kwenda, na joto linakuwa zito.

Kila msimu, alfajiri ni tulivu kuliko alasiri. Saa 12 hadi saa 4 ni zako. Ndiyo maana nasisitiza kulala mapema. Anayeondoka saa 3 ameshapoteza nusu ya siku kwa jua na nusu kwa upepo.

## Mambo ya pembeni

Ni Mei na mvua haikatiki. Nisubiri?

Masika hapa yanaweza kunyesha siku nzima, lakini mara nyingi hupungua kwa saa kadhaa. Mvua yenyewe si baridi. Kinachotisha ni maji yaliyosimama barabarani yakificha mashimo, na mifereji iliyofurika mjini. Ikinyesha usiku kucha, ongeza siku. Fua tena.

Nimepata homa siku ya pili Mombasa. Ni malaria ya hapa?

Ya hapa siyo, kwa sababu malaria huchukua angalau siku 7 tangu kuumwa hadi kuonekana. Inaweza kuwa ya ulikotoka, hasa kama ulipita Kisumu au Busia wiki mbili zilizopita. Inaweza pia kuwa jua, tumbo, au dengi uliyokuja nayo. Pima, usimeze dawa kwa kukisia. Na ikija homa ukiwa Tanga wiki ijayo, mwambie daktari ulilala Mombasa.

Mwenzangu anataka tuendelee, mimi siwezi.

Aendelee. Mpangie mkutane Diani au Kilifi baada ya siku moja. Zote ni za karibu na utazifikia kwa nusu siku. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwenye mteremko wa feri kwa sababu ya mtu aliyesema "niko sawa" huku hayuko.

Nimeamua kuishia hapa. Baiskeli itarudije Nairobi?

Mabasi ya usiku huibeba kama mzigo, kwa bei ya kupatana, na bei hupatanwa kabla haijapandishwa. Toa gurudumu la mbele na kanyagio, funga kikono cha gia kwa vitambaa na uizungushie boksi, maana hicho ndicho kinachopindwa na magunia ya nazi. Dai risiti. Kisha simama pale kwenye buti, usiende kununua maji, mpaka uione kwa macho yako ikiingia na mlango ukifungwa.